Madirisha ya zamani Dar: ununue nini kwanza ili nyumba ipoe na LUKU idumu

Kosa langu lilikuwa kung'oa luva. Nyumba ya marehemu baba pale Temeke ilikuwa na yale madirisha ya vioo vyembamba vilivyopangwa kama ngazi, ukivuta mkono wa chuma vyote vinainama pamoja. Nusu ya mikono ilishagoma, vumbi linaingia litakavyo, nikaona aibu mbele ya wageni. Fundi akanishauri niweke aluminiamu ya kuteleza nyumba nzima, "ya kisasa, bosi." Nikalipa.

Hakuna aliyenikumbusha kwamba luva ukiifungua, karibu dirisha lote linapitisha upepo, wakati dirisha la kuteleza hufunguka nusu tu. Nusu nyingine kioo kimelalia kioo. Kaskazi ilipoingia, chumba cha magharibi kikawa tanuri, na miezi miwili baadaye nikanunua kiyoyozi ambacho hakikuwamo kwenye bajeti. Mpangilio ulio hapa chini nimeulipia.

Kabla ya kwenda dukani, piga hesabu hii. Chukua mita moja ya mraba ya kioo kinachotazama magharibi, saa kumi jioni. Jua linaweza kukipiga kwa wati 600 hivi, na kioo cheupe cha kawaida hupitisha zaidi ya asilimia 80 ya joto hilo. Zinaingia karibu wati 500, kama vile umeacha pasi ya umeme chumbani ikiwaka kwa nusu ya nguvu yake. Sasa joto la hewa tu: nje nyuzi 32, ndani 25, kinachopenya kwenye kioo hicho hicho ni wati 40 hivi. Muuzaji yeyote anayekuuzia dawa ya zile 40 na kuziacha 500, msikilize kwa heshima kisha ondoka.

Tena si madirisha yote yanayohitaji pesa yako. Dar jua la mchana hupita karibu na utosi, kwa hiyo dirisha la kaskazini au kusini huokolewa na paa lililotokeza vizuri ukutani. Ya mashariki na magharibi ndiyo yanayoumia, maana asubuhi na jioni jua huja limelala na kupita chini ya paa. Nyumba nyingi unakuta madirisha mawili au matatu ndiyo yenye kesi.

Namba moja: kivuli cha nje. Jua likishavuka kioo limekuwa mgeni wa ndani. Pazia haliwezi kumrudisha lote. Likizuiwa nje, joto linabaki nje na upepo unalipeleka. Wazee wa Unguja na Lamu walilijua hili na vibao vyao vya mbao vinavyofungwa mchana huku hewa ikipita kwenye upenyo. Ukiwa na fundi seremala mzuri na mbao zilizokauka, hilo bado ni chaguo bora, ila ni la gharama na litataka rangi kila baada ya muda.

Mimi nimeishia kwenye neti ya kivuli, ile ya vitalu vya miche inayouzwa maduka ya pembejeo. Huja kwa asilimia. Chukua ya 70 au 80, ya 50 inaacha jua jingi. Usiibandike kwenye grili. Ifungie fremu nyepesi ya bomba la chuma, iache nafasi ya kama kiganja na nusu kutoka ukutani ili hewa moto ipande na kutoka juu. Ya kwanza niliifunga kwa kamba za katani, masika ikaipeperusha mpaka kwa jirani. Sasa nina kulabu nne na waya. Kanopi ya bati juu ya dirisha inapendeza, lakini kwa magharibi haisaidii sana kama haishuki chini, kwa sababu jua la saa kumi na moja linapita chini yake.

Namba mbili: filamu ya kuakisi. Hapa ndipo watu wanapigwa. Tinti nyeusi ya bei rahisi hulinyonya joto, kioo chenyewe kinawaka, nacho kinaanza kukupikia ndani. Kioo cha zamani chenye ufa kinaweza hata kupasuka. Tafuta ile yenye mng'ao wa fedha. Muuzaji akijisifu kwamba inazuia asilimia 90 ya infraredi, kumbuka infraredi ni kama nusu tu ya joto la jua. Muulize inazuia asilimia ngapi ya joto lote. Akikosa jibu, omba kipande, toka naye juani, kiweke juu ya mkono wako karibu na kipande cha tinti ya kawaida, uhesabu dakika moja. Ngozi haidanganyiki. Kwenye luva filamu ni mateso, kila kioo kinakatiwa chake.

Namba tatu: kuziba mianya, ila kwa chumba chenye kiyoyozi tu. Raba ya kubandika na silikoni ni vitu vya bei ndogo, na kazi ni ya Jumamosi moja. Chumba cha feni kiache kipumue. Kama una luva na unataka kiyoyozi, badilisha dirisha la chumba hicho peke yake.

Mapazia nayaweka ya nne. Yawe mazito, na upande unaotazama kioo uwe mweupe. Yanasaidia, lakini lile joto limeshaingia.

Namba tano: dirisha jipya. Kama la zamani limeoza au chuma kimeliwa na kutu, huna njia. Basi agiza la kufunguka kama mlango, si la kuteleza: linapitisha upepo wote na likifungwa linabana kwenye raba yake. Hakikisha grili inaliruhusu kufunguka kabla fundi hajakata hata kipande.

Kioo cha tabaka mbili nakiweka mwisho. Ndugu zetu walioko Uingereza wanakisifia kwa haki, kwao tofauti ya nje na ndani hufika nyuzi 20 na ushee. Hapa kitapunguza zile wati 40 kwa nusu hivi, na jua litaendelea kupita. Anayenisoma akiwa Makete au Njombe apindue orodha yangu: huko jua ni rafiki, mianya ndiyo adui, raba iwe ya kwanza.

Na faida? Dirisha la magharibi la mita mbili za mraba, jua saa tatu kila jioni, humlazimisha kiyoyozi kuchoma karibu yuniti moja ya ziada kwa siku. Yuniti 30 kwa mwezi, dirisha moja. Kwa anayekaa chini ya yuniti 75 ili abaki kwenye bei nafuu, hizo 30 zinatosha kumtoa.

Kama wewe ni mpangaji, nunua neti na mapazia tu. Siku ya kuhama unakunja unaondoka navyo, filamu na silikoni zinabaki kwa mwenye nyumba.