EDGAR kwa anayefuatilia hisa za vigogo: bure na sahihi, ila inachelewa

Meneja wa fedha mwenye mamlaka juu ya hisa za Marekani za dola milioni 100 au zaidi hulazimika kuwasilisha fomu 13F, yaani orodha ya hisa anazoshikilia, kwa SEC, msimamizi wa masoko ya mitaji nchini humo, ndani ya siku 45 baada ya robo mwaka kwisha. Fomu zote ziko EDGAR, tovuti ya SEC yenyewe, bila malipo wala kujisajili. Tovuti za kulipia zinachota humo humo. Wewe unalipia jedwali lililopangwa.

Tafuta jina, mfano Berkshire Hathaway, kampuni ya Warren Buffett (CIK, namba yake ya EDGAR, ni 0001067983), chuja 13F-HR, yaani fomu yenye orodha yenyewe, ufungue jedwali la hisa. Chukua robo mbili zinazofuatana, linganisha kwa CUSIP, ile namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 9. Kabla ya kutoa robo moja kwa nyingine, jumlisha mistari ya hisa moja: Berkshire huitawanya Apple kwenye mistari mingi, na anayesoma mmoja tu ataona mauzo ambayo hayakufanyika.

Angalia safu ya idadi ya hisa, achana na ya thamani. Thamani hucheza na bei hata meneja asipogusa kitu. Isitoshe, zamani iliandikwa kwa maelfu ya dola. Tangu 3 Januari 2023 inaandikwa kwa dola kamili, kwa hiyo ukivuka mpaka huo bila kujua, mfuko utauona umekua mara elfu. Idadi nayo ina mtego. Juni 2024 Nvidia iligawanya kila hisa kuwa 10, basi hata asiyenunua chochote kati ya Machi na Juni anaonekana kaongeza mara tisa.

Kasoro kubwa ni muda. Mwisho wa Machi 2024 Berkshire ilikuwa na hisa za Apple takriban milioni 789; mwisho wa Juni, milioni 400. Fomu ilitoka 14 Agosti, na haisemi ziliuzwa siku gani wala kwa bei gani. SEC pia huweza kuruhusu hisa fulani zifichwe kwa muda: hisa za kampuni ya bima Chubb ambazo Berkshire ilikuwa ikinunua zilijulikana Mei 2024 tu. Ukitaka kasi zaidi, fuata 13D, fomu ya anayevuka asilimia 5 ya hisa za kampuni akiwa na nia ya kuishawishi. Siku hizi hutoka ndani ya siku 5 za kazi.

Mauzo ya hisa za kukopa, yaani dau kwamba bei itashuka (short), hayamo kabisa. Opsheni, yaani haki ya kuuza (Put) au kununua (Call) hisa kwa bei iliyopangwa, zimo zikiwa na alama hizo, lakini thamani yake ni ya hisa zilizo nyuma yake. Ndiyo maana Agosti 2023 vichwa vya habari vilimpa mwekezaji Michael Burry dau la dola bilioni 1.6 dhidi ya soko. Fedha alizolipia opsheni zenyewe hazimo kwenye fomu.

Swali la "nani anamiliki hisa hii?" EDGAR hailijibu moja kwa moja. Itabidi upakue faili la data za 13F la robo nzima kutoka SEC, uchuje INFOTABLE, jedwali lenye hisa za mameneja wote, kwa CUSIP. Excel hukomea mistari 1,048,576, haitoshi; tumia programu ya hifadhidata. Kwa kazi hii moja, tovuti ya kulipia inastahili bei yake. Safaricom usiitafute humo: 13F huhusu orodha rasmi ya SEC tu, si hisa za soko la Nairobi.