Matembezi ya makoro (mawe ya lava iliyopoa) hapa Goma: lipia kutembea, konferansi muwaachie

Watu wananiuliza sana kama ile matembezi ya vulkano ya siku ya posho (Jumamosi) inalipa kweli ao ni kula franka za watu tu, basi naandika mara moja kila mutu asome. Ni kundi ya vijana waliosoma jiolojia, na wanafanyaka vitu tatu: kutembea ndani ya muji na miguu, asubuhi ya watoto, na konferansi ya jioni. Kila kitu iko na tiketi yake. Mimi nililipa zote tatu, na tatu zenyewe hazifanane hata kidogo. Na musijidanganye, kupanda Nyiragongo, ule mulima wa vulkano wenyewe, haimo humu, hapa ni muji tu.

Ya kutembea njo ya kwanza. Inaanzia Rond-point Signers inashuka kartie (mutaa) ya Birere, pole pole, na kijana anayeongoza hana haraka, anasimama mbele ya nyumba moja ya duka anauliza watu mulango ya ile nyumba iko wapi. Sisi wote tunaonyesha mulango, nani asiyeona mulango. Anasema hapana, hapo kabla ya 2002 ilikuwa dirisha ya juu, mulango ya kweli iko chini ya miguu yenu. Watu kimya. Lava ya 17 januari 2002 ilipita katikati ya muji mpaka Ziwa Kivu, mahali fulani ilirundikana metre mbili hivi, na kisha watu wakajenga juu yake tena, na mawe yenyewe njo wakajengea. Hii tunaijua wote, sawa, lakini kuijua na kusimama hapo ukionyeshwa dirisha ni vitu mbili.

Kitu yenye ilinifurahisha ni vile anakubali kusahihishwa. Alikuwa anaeleza vile watu walirudi, mama moja wa Birere akamukata, "Hapana mutoto wangu, sisi tulirudi mawe ingali moto, viatu inayeyuka, na ile station ya mafuta ililipuka siku kidogo kisha, hiyo mbona husemi?" Kijana akanyamaza, akasema "Sawa mama, endelea wewe," na mama akaendelea karibu robo saa, juu ya wale watu waliofia pale wakichota mafuta, na hakuna hata mumoja alimwambia afupishe. Niliwahi kufuata viongozi wa watalii wenye hawangekubali ile, wamekariri maneno yao na basi.

Sayansi yenyewe inaingia hapo hapo njiani. Kwa nini lava ya Nyiragongo inakimbia? Kwa sababu iko na silika (madini yenye kufanya lava nzito) kidogo sana, anasema vulkano zingine zinatoa bugali, yetu inatoa uji. 1977 ziwa ya lava ya juu kule ilimwagika yote chini ya saa moja, vijiji vya kwenye mteremko havikupata nafasi. 2002 ilifika muji ikiwa imepoa mwendo, wengi waliweza kutembea wakaiacha nyuma. Na 22 mei 2021, posho jioni, si wote tunakumbuka, ilikuja bila kuonya vizuri, ikasimama Buhene karibu na uwanja wa ndege. Mimi nilikuwaka najiuliza kwa nini matetemeko iliongezeka KISHA lava kusimama, maana kwa akili yangu ikisimama imeisha. Kumbe magma haikusimama, ilikuwa inapita chini ya muji ikielekea chini ya ziwa, inapasua mwamba ikienda, njo ile mipasuko kwenye barabara na kwenye kuta, na njo sababu tarehe 27 walisema kartie kumi zihame na watu wakajaa Sake, Minova, Gisenyi, wengine boti mpaka Bukavu. Hiyo peke yake ilinilipia tiketi.

Halafu maji. Papa moja aliuliza kwa nini muji inanyeshewa hivi na haina hata muto mumoja. Jibu: makoro iko na matundu na nyufa, mvua inazama yote, inaenda kutokea chini kabisa kwenye ziwa, na sisi tunaenda kuifuata huko na bidoni (madumu). Na wale wanaokinga maji ya mvua upande wenye moshi ya vulkano unaelekea, ile moshi iko na fluori, inashuka na mvua, na mutoto akiinywa miaka mingi wakati meno inaota, meno inabaki na madoa ya kahawia. Watu waliuliza maswali hapo mpaka jua likawa kali, maana kila mutu alikuwa na shangazi ao jirani mwenye meno ile.

Mabaya ya matembezi: tulikuwa wengi sana, wa nyuma hawasikii kitu kwa kelele ya moto (pikipiki) na chukudu (vigari vya mbao vya kusukuma), na hawana hata kipaza sauti kidogo cha mkono. Na mahali pa kujisaidia hakuna njia yote, wenye watoto mujue.

Asubuhi ya watoto ni fupi lakini usiikose. Wanachukua sanduku la kioo, ndani mishumaa tatu imepangwa kama ngazi, wanachanganya siki na bikarbonati kwenye chupa, gesi inamwagwa polepole, haionekani, na mushumaa ya chini inazimika ya kwanza, kisha ya katikati, kisha ya juu. Mazuku, ile gesi ya kuua yenye inatoka chini ya udongo, njo hiyo. Gesi karboniki inazidi hewa uzito kama mara moja na nusu, inakaa kwenye mabonde, ndiyo maana mbuzi na mbwa wanakufa kabla ya mutu mwenye amesimama, na mutoto kabla ya baba yake. Wakawafundisha: ukiona mutu ameanguka kwenye shimo upande wa Bulengo ao Lac Vert, usishuke kumuvuta, ita watu. Mutoto wangu alirudi nyumbani akamukataza dada yake kulala chini kwenye mukeka, na tunakaa Himbi, nako mazuku iko, kwa hiyo sikumucheka.

Sasa konferansi. Eeh. Mada ilikuwa ziwa na gesi yake, mada gani tamu kupita hiyo hapa kwetu? Na mwalimu akaiua. Kifaransa muzito saa moja nzima, grafiki juu ya grafiki, umeme ikakatika, jenereta ikachelewa, akaanza upya. Nilichoka kwa ajili yake. Namba alitoa: kama kilometre kyubu 60 za metani na 300 za gesi karboniki ziko zimeyeyuka chini, na mufano wa ziwa Nyos kule Kameruni, 1986, gesi ilitoka ikaua watu zaidi ya 1,700. Ukishatisha watu hivyo ni lazima uwaambie basi sisi tunalalaje, na muzee moja aliuliza hivyo hivyo kwa Kiswahili, akajibiwa kwa Kifaransa. Ni yule kijana wa matembezi alitueleza nje tukingoja pikipiki: gesi iko chini sana, maji ya kule ni mazito kwa sababu ya chumvi, na uzito wa maji ya juu unaishikilia, haijajaa mpaka kiwango cha kutoka yenyewe, na 2002 lava iliingia ziwani na gesi haikutoka. Haimaanishe hatari haiko, njo maana wanaipima. Wenzetu wa Rwanda wanaivuta tangu 2016 pale Karongi wanafanya umeme. Dakika kumi, tumesimama barabarani, na yule muzee akaenda nyumbani na jibu.

Kama munaenda: viatu vya kufunga, makoro haihurumie sandali. Maji beba mwenyewe. Ukifika sema mapema unataka kikundi cha Kiswahili, ukikawia wanakutupa kwa kile cha wageni, na kile wanaenda mbio kwa sababu wageni wanataka kupiga picha tu. Mukae karibu na mama yeyote mwenye aliishi Birere 2002.