"Mwambie mzee avae tu, atazoea": mashine zangu za masikio

Kama una mpango wa kumnunulia mzazi wako mashine za masikio, usimpeleke duka nililouziwa mimi. Jina silitaji, binti yangu kanikataza. Lipo Dar es Salaam, lina kiyoyozi kikali, na ukutani wametundika picha za wazee wa Kizungu wanacheka na wajukuu. Ningejua wanacheka nini ningeuliza.

Mimi mtu wa Tanga. Masikio yangu yaliliwa na korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, niliyoisimamia ujana wangu wote. Vya kuziba masikio wakati ule nani alikupa? Unatoka zamu, mluzi unalia kichwani mpaka usiku, unalala nao, asubuhi unarudi kazini. Basi yakaenda taratibu, na mke wangu akachoka kusema kila jambo mara mbilimbili.

Sasa huyo kijana aliyetuhudumia. Koti jeupe, barakoa usoni, uso kaugeuzia kompyuta, naye anaongea. Anaongea na nani? Mtu asiyesikia vizuri anasoma midomo, hata kama mwenyewe hajui kwamba anaisoma. Wewe umeifunika, halafu umeigeuzia upande wa pili! Duka zima linakula kwa pesa za wasiosikia, na hakuna hata mmoja aliyefundishwa kumtazama mteja usoni. Nikamwambia, "Mwanangu, sijakupata." Hakunijibu mimi. Alimgeukia binti yangu: "Dada, mwambie mzee avae tu, atazoea."

Hilo nililisikia lote, maana mashine alikuwa ameshanivisha na zilikuwa zinafanya kazi vizuri sana.

Nimelipa hela ambayo ningenunua pikipiki nikampa mtu aifanyie bodaboda, halafu nasemewa juu ya kichwa kama mtoto aliyeletwa kuchanjwa. Shikamoo yenyewe sikuiona. Binti akasema baba achana naye, ni kijana tu. Sikuachana naye, na mpaka leo sijaachana naye, kama mnavyoona.

Nikarudi Tanga nikavaa. Nizoee nini? Feni inanguruma. Mtu akikunja mfuko jikoni, naruka. Vijiko ndiyo usiseme. Honi ya bajaji inachoma mpaka kwenye jino. Sauti yangu mwenyewe inavuma kichwani nikiongea, nikawa naongea kidogo. Na maneno ya mke wangu, ambayo ndiyo yaliyonipeleka Dar, yakabaki vilevile hayaeleweki, tofauti ni kwamba sasa yana kelele. Barazani ikawa balaa. Kete za bao zinagonga, wazee wanabishana, redio inatangaza mpira, pikipiki zinapita, na mashine inaokota vyote na kuvimwaga sikioni kwa pamoja. Nikiegemea ukuta inapiga mluzi, mpaka mwenzangu akauliza simu ya nani inaita.

Zikaingia kwenye droo. Zilikaa humo muda ambao sitautaja.

Watu wakasema mzee mkaidi, mzee anaona aibu. Aibu ipo, sikatai, hakuna anayependa kuonekana na kidude nyuma ya sikio. Lakini aibu haikunizuia kwenda nazo barazani mbele ya wazee wote. Binti alinisomea kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria kati ya watu ambao zingewafaa, wanaozitumia ni asilimia 17 tu. Wengi hapo hawana hela ya kuzinunua, hilo linaeleweka. Ila na mimi mwenye droo mnihesabu.

Aliyenitoa huko ni dada mmoja wa hospitali ya serikali, nilikokwenda kutolewa nta tu. Alivuta kiti akaketi mbele yangu, akashusha barakoa. "Shikamoo babu. Mashine zako ziko wapi, na ni sauti gani inakukera zaidi?"

Swali hilo sikuwahi kuulizwa. Nilimtajia vijiko, mifuko, honi, akawa anaandika. Akanieleza kwamba sikio lililoharibiwa na kelele linapoteza sauti ndogo, lakini kubwa linaipokea kwa ukali uleule wa zamani, kwa hiyo mashine ikikuza kila kitu kwa kiasi kimoja lazima iumize. Siku nyingine nikazileta, akaziunganisha na kompyuta, akapunguza zile kali, akagonga kijiko kwenye kikombe, akauliza, akapunguza tena. Mluzi nao una sababu: kile kipande cha kuziba sikio kilikuwa kinapwaya, sauti inavuja nje na kurudi kwenye maikrofoni. Akanimiminia dawa laini sikioni ikaganda, akachukua umbo la kutengenezea kingine.

Akaniambia nianze nyumbani, saa chache, mahali patulivu, nikiongea na mtu mmoja. Baraza liwe la mwisho. Ubongo uliokaa miaka bila sauti hizo unahitaji wiki nyingi, pengine miezi, kujua tena ipi ya kufuata na ipi ya kuacha.

Kumbe atazoea lilikuwa neno la kweli! Hapo ndipo hasira yangu inaponichanganya. Yule kijana hakunidanganya. Ila alilisema ili tuondoke, na marekebisho ambayo ndiyo nusu ya kazi yenyewe hakuyataja. Sasa nizipe nyota ngapi? Nilikaa kuandika nikiwa na moja mkononi. Lakini asubuhi navaa, na mke wangu anasema jambo mara moja. Juzi nimemsikia mjukuu ananisema kwa mama yake chumba cha pili, kila neno, nikafurahi mpaka nikasahau kumgombeza. Kwa hilo ni nyota tano.

Halafu nakumbuka betri. Zangu ni namba 13, zenye kibandiko cha rangi ya machungwa. Ukikibandua tu, hewa inaingia na betri inaanza kujila, uitumie usiitumie, na kukirudisha hakusaidii. Mjukuu huyohuyo alibandua pakiti nzima akapamba navyo daftari. Maduka ya dawa niliyozunguka hapa hayana, inabidi binti azitume kwa basi, na hivi ninavyoandika sikio la kulia limezima. Duka halikutuambia habari ya kibandiko. Au labda lilisema, likiiambia kompyuta.

Nyota tatu, basi. Barazani bado sivai.