"Mzee, ungeanza na kabati": yaliyonikuta nikichagua ndege ya kujiundia nyumbani

Nyota moja kwa ndege hii na kiwanda chake. Msiniulize inaruka kwa kasi gani wala inakunywa mafuta kiasi gani, hayo mtayakuta popote. Mimi nina kisa cha tundu moja na mtu mmoja.

Kuchagua kwenyewe kulinimaliza. Niliipenda Pietenpol, ile ya mbao iliyobuniwa miaka ya 1920 ibebwe na injini ya gari la Ford, mpaka nikakumbuka kwamba mimi na gundi hatuelewani. Long-EZ ya mbunifu Burt Rutan ni nzuri mno, lakini ni ya faibaglasi, na faibaglasi ni msasa, kisha msasa, kisha msasa tena, na vumbi lake linawasha hadi ndani ya soksi. Nikaangukia alumini. Ribiti, kile kipini cha kushikanisha bati na bati, ukiikosea unaitoboa, unaitoa, unapiga nyingine.

Nikanunua seti ya mkia peke yake, yaani vipande vya kuunganisha mwenyewe, kama wengi wanavyoanza: ukichoka, hasara ni ya mkia tu. (Naiita seti, maana nikisema "kit" ya Kiingereza, nyumbani wanasikia "kiti" na kuuliza cha nani.)

Basi, bati la chini la mkia. Matundu yanakuja yametobolewa kiwandani, kazi yako ni kulinganisha na kubana. Yote yakakaa, isipokuwa moja la pembeni. Nikapima kwa rula ya chuma: milimita 4 toka katikati ya tundu hadi ukingoni. Ribiti ya milimita 3.2 inataka angalau mara mbili ya unene wake, yaani 6.4, la sivyo bati linaweza kuchanika kuanzia hapo. Limo kwenye mwongozo wa kiwanda chenyewe!

Nikapiga simu kiwandani. Kijana aliyepokea hakunisikiliza hata nusu dakika. "Mzee, hilo umetoboa mwenyewe." Nikamwambia drili sijaigusa. Akacheka. "Labda ungeanza na kabati kwanza."

Kabati! Nilikaa gerejini jioni nzima nautazama ule mkia. Ghafla kila kitu chao kikawa kibaya: maboksi, michoro, hata rangi ya nembo. Kule Marekani ndege za namna hii zinapewa cheti cha ndege ya kujiundia iwapo sehemu kubwa ya kazi, zaidi ya nusu, imefanywa na watu binafsi kwa kujifunza au kujiburudisha. Kujifunza nilikuwa nimejifunza. Burudani ndiyo sikuiona.

Nikatuma picha, rula ikionekana vizuri. Wiki kadhaa kimya. Kisha boksi likaja: bati jipya, bila malipo, bila neno, hata kikaratasi cha samahani hamna. Nikalipandisha huku nikiomba likatae. Vibanio vikaingia vyote, tik, tik, tik, mpaka kwenye ile kona. Nikapitisha kidole ukingoni, hakuna hata chembe ya kukwaruza. Nilichukia jinsi nilivyofurahi.

Haya, nyota mbili. Tuseme tatu, maana mafundi wanaoijua kazi wapo pale, ila simu wamempa asiyeijua. Na ningeambiwa nichague upya leo, ningechukua ndege ile ile, ingawa kuliandika hili kunaniuma.

Fomu ya kuagiza mabawa ipo mezani, nimeshaijaza. Palipoandikwa "maelezo ya ziada" nimeandika: nikipiga simu, nisipewe yule wa kabati.