Dawati, PF3 na nyumba salama: huduma kwa mama anayeondoka na watoto, Arusha na Moshi

Kwenye karatasi karibu huduma zote za mama anayekimbia kipigo pamoja na watoto ni bure, na nyingi ni bure kweli. Ila kuna mama anayemaliza mambo yake asubuhi moja na kuna anayezungushwa wiki mbili, na mara nyingi kinachowatenganisha ni mlango alioanza nao. Kwa hiyo tumepima mlango mmoja mmoja.

Tuanze na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kwa sababu ndilo linalofungua mengine. Yapo zaidi ya 400 nchini. Kama unaweza kufika kituo kikubwa cha mjini, kiruke kituo kidogo cha mtaani: huko askari wa zamu ni yuleyule anayekunywa chai na mumeo. Ukifika kaunta usisimulie. Sema "naomba kuonana na dawati la jinsia," basi. Ukisimulia kaunta mbele ya watu, habari inakuwa ya kila mtu na utaambiwa urudi nyumbani mkayamalize.

Dawatini unaandikisha maelezo. Hapa ndipo huduma hupwaya, na kasoro ni ya maneno. Maelezo yakiandikwa "ugomvi wa wanandoa", jalada linaanza likiwa limelala. Kupigwa na kuumizwa kuna jina lake: shambulio la kudhuru mwili, kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu. Na kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo. Taja tarehe, saa, kifaa kilichotumika na maneno ya vitisho kama yalivyosemwa. Taja watoto waliokuwepo. Soma kabla ya kutia saini, na usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako polisi. Bila namba hiyo, kesho hakuna wa kuthibitisha kwamba ulifika.

Alama zetu kwa dawati: nne kati ya tano ukienda asubuhi ya siku ya kazi, mbili usiku wa wikiendi.

PF3 ni fomu ya polisi ya matibabu, na hailipiwi. Omba ya kwako na ya kila mtoto aliyeumizwa, kila mtu na yake. Mwenye jeraha la hatari aende hospitali moja kwa moja, fomu ifuate. Arusha wengi huishia Mount Meru, Moshi ni Mawenzi au KCMC. Uliza kama hospitali ina kituo cha Mkono kwa Mkono. Kikiwepo, daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii unawapata mahali pamoja, na husimulii mara tatu.

Itazame fomu ikijazwa. "Maumivu ya mwili" haimsaidii hakimu hata kidogo. "Mchubuko wa zambarau, mkono wa kushoto juu ya kiwiko, sentimita 4 kwa 2" unamsaidia. Muombe daktari apime kwa rula, ajaze sehemu yake yote, aweke jina, saini na mhuri, kisha utoe nakala kabla ya kuirudisha polisi. Majina yalingane na kitambulisho chako. Jina la utani au la ukoo wa mume likiingia kwenye fomu, wakili wa upande wa pili atalishikilia hilohilo.

Kama uliingiliwa kwa nguvu, dawa za kuzuia VVU zinaanzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Usioge, usifue. Nguo ziweke kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni, maana nailoni hubana unyevu na ushahidi huoza.

Ofisi ya Ustawi wa Jamii ya halmashauri ndiyo watu wanayoipuuza, na kwa mwenye watoto tunaipa nafasi ya kwanza. Nenda siku ileile uliyoondoka, au kesho yake asubuhi. Saa za serikali ni 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, hivyo anayeondoka Ijumaa jioni ana siku mbili za kujihifadhi mwenyewe. Andikisha kwamba watoto uko nao, kwa nini, na wanahitaji nini. Rekodi hiyo ndiyo jibu lako baba akienda kulalamika kwamba umetorosha watoto. Tena mahakama ikitaka kuamua malezi au matunzo, ripoti itatoka kwa afisa ustawi. Afadhali awe anakujua tangu mwanzo.

Kwa usiku na wikiendi kuna namba mbili za bure: 112 ya polisi kwa dharura, na 116 ya huduma kwa mtoto, inayoendeshwa na shirika la C-Sema. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga 116. Mkaririshe.

Nyumba salama hazina kibao barabarani, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Kwa kawaida unapelekwa na dawati au ustawi kwa barua, hubishi hodi mwenyewe. Moshi lipo shirika la KWIECO, linalotoa msaada wa kisheria na lina nyumba ya hifadhi. Arusha, TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, wana ofisi. Kabla ya kukubali kupelekwa popote uliza mambo matatu: mwisho wa kukaa ni lini, watoto watasomaje, na mtoto wa kiume wa umri gani hapokelewi. Hilo la tatu huwashtukiza akina mama mlangoni, wakiwa na kijana wa miaka 13 na begi mkononi.

Sasa simu, inayovuruga mipango mizuri kuliko kitu kingine chochote. Piga *106# uone laini zipi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Kama laini unayotumia ni ya NIDA yake, anaweza kwenda dukani kuirudisha, na salio lako la pesa za simu likaenda naye. Sajili laini yako mapema, hamisha akiba kidogo kidogo, zima ushirikishaji wa mahali ulipo, badilisha neno la siri la barua pepe. Simu ya mtoto pia.

Shule nayo inavujisha. Uhamisho wa mtoto wa msingi unapita kwenye mfumo kwa namba yake ya PREM (namba ya usajili wa mwanafunzi), na shule ya zamani inajua anakoelekea. Mweleze mwalimu mkuu ana kwa ana, ukiwa na barua ya ustawi, asimpe mtu taarifa hiyo. Siku ya safari mtoto asivae sare. Arusha na Moshi ni kama kilomita 80 tu, na konda wa Coaster anakumbuka sare kuliko sura. Pandieni kituo cha njiani, si stendi kuu.

Mkoba ubebe vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, kitambulisho, cheti cha ndoa kama kipo, dawa, na nakala za hati za kiwanja. Kisichobebeka kipige picha, uitume kwa mtu unayemwamini, kisha uifute.

Kuhusu usuluhishi tunatoa alama ya chini. Upande wa Kilimanjaro, wazee watakuja na jani la isale, ambalo kwa Wachaga ni ishara ya kuomba msamaha na kupatana, na anayelikataa huonekana hana adabu. Lipokee kwa heshima ukitaka. Jani halifungi jalada la polisi, na wala halikulazimishi kurudi. Baraza la usuluhishi la ndoa ni kitu kingine: kwa talaka, hati yake ni sharti la kisheria, na isizidi miezi sita kabla ya kufungua shauri. Mume akiitwa akakataa kwa makusudi kutokea, sheria inaruhusu kuendelea bila hati hiyo. Baraza likitaka mkae chumba kimoja na unaogopa, sema hivyo, uombe kusikilizwa peke yako.

Matunzo na malezi hayasubiri talaka. Maombi huenda Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, hata kama hamkufunga ndoa. Mtoto chini ya miaka saba sheria inadhania ni vema akae na mama, ingawa dhana hiyo hupingwa kwa ushahidi. Peleka hesabu: ada, chakula, kodi, dawa, kwa mwezi, na risiti zake, pamoja na chochote kinachoonyesha kipato cha baba. Ukidai "pesa za kutosha" utapewa kiasi cha kukadiria.

Mali nayo usiiache kwa sababu hati zina jina lake. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif ya 1983, Mahakama ya Rufani inahesabu kazi za nyumbani kuwa mchango. Na shauri la ndoa likishakuwa mahakamani, omba zuio la bughudha, yaani amri ya kumkataza mume asikusumbue, chini ya kifungu cha 139 cha Sheria ya Ndoa. Amri ikitoka, toa nakala tatu: moja dawatini, moja shuleni, moja kwa mtendaji wa mtaa unakohamia.