Uzoefu wangu na kisanduku cha Hanukkah: pia za kuzungusha, viazi na mishumaa 36

Mwezi wa Novemba 2025 niliagiza kwa intaneti kisanduku cha kusherehekea nyumbani Hanukkah, sikukuu ya Wayahudi ya siku nane, chenye vifaa vya kazi za mikono, kadi za mapishi na mishumaa, kwa dola 58 pamoja na usafirishaji. Tunaishi Skokie, kaskazini mwa Chicago, mji wenye Wayahudi wengi ambako vitu vya sikukuu hii havikosekani madukani, kwa hiyo sikuagiza kwa shida ya kupata. Niliagiza kwa sababu mimi nimekulia Tanga, aliyezaliwa ndani ya mila hii ni mume wangu, na kila mwaka watoto wetu wawili wakiniuliza, "Mama, leo tunafanya nini?", mimi nilikuwa natazama dari. Nilitaka mwongozo wa siku nane. Nilichopata ni mwongozo mzuri wa jioni moja, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa.

Ndani mlikuwa na kinara cha mbao chenye matundu tisa, rangi sita na brashi mbili, donge la udongo unaokauka wenyewe bila tanuri, pia nne za mbao za kuzungusha, ziitwazo dreidel, zisizopakwa rangi, mfuko wa sarafu za chokoleti, kadi mbili za mapishi, pakiti ya mishumaa na kijitabu cha kurasa 12. Kijitabu ndicho bora kuliko vyote. Kinaeleza kwa lugha ya mtoto jinsi Wamakabayo, wapiganaji wa Kiyahudi, walivyolitwaa tena Hekalu la Yerusalemu mwaka 164 kabla ya Kristo, baada ya mfalme Antioko wa Nne kulinajisi, na jinsi Talmudi, maandiko ya mafundisho ya Kiyahudi, inavyosimulia kwamba mafuta safi ya kutosha siku moja yaliwaka siku nane. Wasomaji wa Injili ya Yohana kwa Kiswahili wamekwisha kukutana na sikukuu hii kwa jina la Kutabaruku, na nilipomweleza mama yangu hivyo kwa simu, aliacha kuniuliza kama ni Krismasi ya aina nyingine. Mchoro wa kupanga mishumaa nao umefanywa vizuri: inapangwa kuanzia kulia kwenda kushoto, lakini inawashwa kuanzia ule mpya wa kushoto. Kabla ya hapo nilikuwa nakosea kila mwaka, na mume wangu kwa adabu alikuwa akisubiri nitoke chumbani ndipo aipange upya.

Dreidel ni pia, ileile tuliyoichezea uwanjani utotoni, isipokuwa hii ina pande nne na inazungushwa kwa vidole bila kamba. Kila upande una herufi ya Kiebrania. Ikiangukia Nun hupati kitu, Gimel unazoa sarafu zote, Hei unachukua nusu, na Shin unaongeza moja katika chungu cha wote. Za mbao zilipakwa rangi kwa saa moja na zikazunguka vizuri hadi usiku wa mwisho. Za udongo, ambazo picha ya juu ya kisanduku inazisifu sana, hazikuzunguka hata mara moja, kwa kuwa maelezo hayasemi kwamba ncha lazima iwe nyembamba na iwe katikati kabisa. Binti yangu wa miaka sita alizigeuza kuwa nyumba za wanasesere, na udongo ukapata kazi.

Kinara cha mbao kinanitia wasiwasi zaidi, na hapa nawasihi wazazi wawe waangalifu. Matundu yake yametobolewa katika mbao tupu, bila vikombe vya chuma, na rangi yenyewe watoto waliipaka hadi ndani ya matundu. Usiku wa kwanza, Jumapili tarehe 14 Desemba, tulikiweka juu ya sinia ya kuokea na kuyafunika matundu kwa karatasi ya alumini. Usiku wa tatu mshumaa mmoja uliinama, na ukingo wa mbao ukaanza kuwa mweusi. Tukakizima, tukatoa kinara cha shaba cha mama mkwe, na kile cha mbao kikapandishwa dirishani kama pambo. Kitu kilichotengenezwa kubeba moto kisipoweza kuubeba, sijui kiitweje.

Upande wa mapishi nina mengi ya kusema. Kadi ya latke, yaani chapati ndogo za viazi vilivyokwaruzwa, inataka viazi karibu kilo moja, kitunguu kikubwa kimoja, mayai mawili, unga wa ngano vijiko vinne na chumvi, kisha inakuambia uchanganye na ukaange. Nilifuata neno kwa neno, na mkupuo wa kwanza ukatawanyika ndani ya mafuta kama mboga za majani. Mama mkwe, ambaye watoto humwita Bubbe, alikuwa amekaa mezani akinitazama bila kusema kitu, mpaka nilipomgeukia. "Mwanangu," alisema, "kamua maji. Ukidhani umemaliza, kamua tena." Basi nikaviweka viazi katika kitambaa safi na kuvisokota, mikono ikikumbuka yenyewe kifumbu na tui la nazi. Aliniambia pia nisimwage maji yale upesi, bali niyaache yatulie, niyachuje polepole, na wanga mweupe unaobaki chini ya bakuli niurudishe katika viazi, kwa kuwa huo ndio unaoshikilia. Kuanzia hapo latke zilitoka kavu pembeni na laini katikati, na tulizila na matufaha yaliyochemshwa yakapondwa. Kukamua ndiyo siri nzima ya chakula hiki, na aliyeandika kadi hakukutaja.

Kadi ya pili ni ya sufganiyot, maandazi ya mviringo yanayojazwa jamu, na hii haina kosa ila inamtaka mpishi awe na kipimajoto cha mafuta. Mimi nilidondosha kipande cha unga: kikiibuka kikitoa povu, mafuta yako tayari, kama tunavyofanya kwa mandazi siku zote. Nilipomwonyesha mama yangu kwa simu ya video, aliuliza kwa nini nisipike kaimati, nipunguze kazi ya kutia jamu. Nilidhani anatania, lakini Bubbe alipoelezwa maana yake alisema Wayahudi wa asili ya Hispania hupika bimuelos, vidonge vya unga wa hamira vinavyokaangwa na kuchovywa katika shira, na kwamba kinachotakiwa katika sikukuu hii ni mafuta. Usiku wa tano tukala kaimati.

Kijitabu kinashauri familia ikaange latke wakati mishumaa inawaka. Katika nyumba ya mume wangu ni desturi ya zamani wanawake kutofanya kazi mishumaa inapowaka, na sikuona sababu ya kuivunja kwa ajili ya kijitabu. Vyombo vilisubiri.

Nimalizie na mishumaa. Pakiti ilikuwa na 36. Mtu akijumlisha moja hadi nane anapata 36, lakini kila usiku huongezwa shamash, mshumaa mtumishi unaowasha mingine, kwa hiyo jumla ni 44, na pakiti za kawaida huuzwa kwa hesabu hiyo. Aliyejaza kisanduku hiki alimsahau mtumishi. Kuna la Ijumaa pia ambalo maelezo hayakuligusa kabisa. Usiku wa sita ulikuwa Ijumaa, ambapo mishumaa ya Hanukkah huwashwa kabla ya ile ya Sabato, wakati jua halijazama, na bado inatakiwa iwe inawaka nusu saa baada ya giza kuingia. Ile myembamba ya kisanduku huisha mapema mno, hivyo tulitumia mirefu ya dukani. Kwa kuwa jioni hiyo hatukuigusa ya pakiti, usiku wa nane tulipungukiwa mmoja tu. Mwanangu wa miaka tisa alikimbilia droo ya jikoni akaleta mshumaa mweupe tunaouweka kwa ajili ya umeme ukikatika, na huo ndio uliokuwa shamash, jambo lisilo na tatizo kwa sababu si lazima mtumishi afanane na wengine.

Nakipa nyota tatu kati ya tano: kwa kijitabu, kwa pia za mbao na kwa saa zile ambazo hakuna aliyeshika simu. Muuzaji alinirudishia dola nane kwa ajili ya mishumaa na hakujibu lolote kuhusu kinara. Mwaka huu wa 2026 nitanunua pia za mbao na rangi peke yake. Anayetaka kuagiza kisanduku kama changu ajue kwamba usiku wa kwanza ni Ijumaa tarehe 4 Desemba na wa nane ni Ijumaa tarehe 11, kwa hiyo anunue pembeni mishumaa mirefu 11, miwili ya mwanzo na tisa ya mwisho.