Majuzuu 13 na Takeo: uzoefu wangu wa kusoma Ore Monogatari!!

Niliifikia manga hii, yaani hadithi ya Kijapani ya michoro, nikiwa nimechoka. Nilikuwa nimetoka kumaliza simulizi ya mapenzi ndefu ambayo stelingi wake ni mkorofi mwenye sura nzuri. Binti wa watu analia kila sura, na sisi wasomaji tunaambiwa eti huko ndiko kupendwa. Rafiki yangu akanitumia kurasa mbili za Ore Monogatari!!, ambayo kwa Kiingereza inaitwa My Love Story!!. Nikadhani ananitania. Jitu la miraba minne, nyusi nene kama brashi, midomo mizito, na pembeni yake kabinti kadogo kanakomfika kifuani kwa shida.

Jitu hilo ndilo stelingi. Anaitwa Takeo Goda, mwanafunzi wa sekondari mwenye urefu wa kama mita 2. Hadithi imeandikwa na Kazune Kawahara, michoro ni ya Aruko, na utani wa kwanza uko kwenye michoro yenyewe: kurasa ni za manga za wasichana, zenye maua na vimetameta, halafu katikati kapachikwa mtu kama aliyetoroka kwenye manga ya ngumi.

Takeo ana rafiki wa tangu utotoni, Sunakawa, mtanashati asiye na maneno mengi. Kila msichana ambaye Takeo amewahi kumpenda, msichana huyo alimpenda Sunakawa. Siku moja kwenye treni Takeo anamwona mwanamume akimpapasa mwanafunzi, anamdaka mkono. Binti aliyeokolewa, Rinko Yamato, anakuja kushukuru na keki. Takeo keshazimika. Kichwani mwake linalipuka neno moja, “Suki da!”, yaani nampenda. Ila ana uhakika kwamba Yamato amemfuata Sunakawa, basi anajipa kazi ya kuwaunganisha.

Hapo nilishusha pumzi. Nikasema haya, tumeanza, kutoelewana mpaka juzuu la 10. Wapi! Wanakuwa wapenzi mapema kabisa, na majuzuu yanayobaki ni ya watu wawili wanaojifunza kuwa wapenzi: kushikana mikono, kukutanisha marafiki, nani aseme nini kwanza. Kumbe nilichokuwa nakitafuta miaka yote ni hicho. Sikai roho juu nikisubiri kama watapatana. Nakaa nao tu.

Kuna jambo moja lilinifanya nifunge simu kwanza. Sunakawa amewakataa wasichana wote waliomtongoza, na Takeo hajawahi kujua kwa nini. Sababu inapokuja kutajwa, inatajwa kama jambo dogo: wote walikuwa wakimsema Takeo vibaya. Miaka yote hiyo, wala hakumwambia. Mwandishi mwingine angetumia kurasa 20 za machozi hapo, huyu anapita zake.

Yamato naye si pambo. Marafiki zake wanapomwona Takeo kwa mara ya kwanza wanacheka chinichini, na yeye, mpole vile, kicheko hicho kinamuuma kweli. Halafu kuna kichekesho kinachojirudia bila kunichosha: Takeo anamwona kama malaika asiyefaa kuguswa, wakati malaika mwenyewe anatamani kushikwa mkono na anajionea aibu kwa mawazo yake.

Lawama ninazo. Takeo anaokoa watu mno. Ikifika mahali mtu yeyote akisimama juu ya kitu kirefu, unajua ataanguka na nani atamdaka. Wapinzani wa mapenzi wanaingia na kutoka bila kuacha alama, na majuzuu ya katikati nilikuwa naruka vifremu. Keki nazo zimezidi, Yamato anaoka kama ana mkataba.

Kwa wageni wa manga: inasomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Mimi nilianza kinyume, nikaona mtu anajibu swali kabla hajaulizwa, nikadhani ndiyo ucheshi wake. Kwenye simu, michoro iliyotandazwa kurasa mbili inakatika vibaya, laza kifaa upande.

Ilianza 2011, ikaendelea kutoka kwenye jarida la Bessatsu Margaret hadi 2016, na mwaka 2013 ikachukua tuzo ya manga ya Kodansha, kampuni ya uchapishaji ya Japani, upande wa manga za wasichana. Ipo pia anime, yaani katuni ya Kijapani, ya vipindi 24 ya studio ya Madhouse, ya mwaka 2015. Nimeiona, ni nzuri, lakini anzia kwenye manga. Uso wa Sunakawa akijizuia kucheka unahitaji kutulia mbele yako, na kwenye anime unapita upesi mno.

Nyota 4. Ya tano imeliwa na zile keki.